Munyu wa Ngatia

Askari aliyesimama kwenye lango la stesheni ya Kiganjo alikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa akipewa kirungu huona kila mzigo ni wa magendo. Alimwacha mzee mmoja apite na kuku wake, akawaacha akina mama wenye vikapu, kisha akaweka kirungu juu ya gunia la kwanza kati ya magunia manne ya Ngatia.

“Hii ni nini?”

Ngatia alikuwa ametoka Nyanza Kusini. Mgodi wa dhahabu alikofanya kazi tangu ujana ulikuwa umefungwa, wenyewe wakarudi kwao ng'ambo, na kiinua mgongo walichoahidi hakikuonekana. Magunia yale ndiyo aliyojilipa: mchanga wa kijivu kutoka chini ya mashine ya kusaga mawe, mchanga ambao bado ulikuwa na dhahabu kwa mtu anayejua kuitoa. Kupatikana nao bila kibali ilikuwa jela, na hilo alilijua. Alijua pia jambo la pili, ambalo kila mtu wa mgodini alilijua: ng'ombe waliokunywa maji ya bwawa la mchanga ule walikufa, mpaka kampuni ikazungusha waya wa miiba.

“Ni munyu, afande,” alisema. “Munyu ya ng'ombe.”

“Munyu ndiyo nini?” Askari hakuwa mtu wa milimani.

“Ni mchanga iko na chumvi. Ng'ombe akilamba anatoa maziwa mingi. Kwetu hata mama mjamzito anakula, ati mtoto apate mifupa.”

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mwanamke mmoja akadakia, “Ni ukweli, afande! Mama yangu alikula munyu, si unaona vile nimejaa?” Wakacheka zaidi. Askari, aliyeona kwamba hapo hakuna cha kupata ila aibu, aliondoa kirungu chake akatazama mizigo mingine.

Nje ya lango, Wacera, mama yake Ngatia, alikuwa akisubiri na mkokoteni wa punda aliouazima kwa jirani. Alikuwa amesikia kila neno, na uso wake ulikuwa umechanua.

“Umekumbuka ng'ombe wangu,” alimwambia mwanawe. “Watu wengine wakitoka kazini wanaleta redio.”

Ngatia alifungua mdomo. Lakini jirani mwenye mkokoteni alikuwa pale, na yule mwanamke wa foleni alikuwa akipita, na mama yake alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kutunza siri. Akaufunga. Alijiambia kwamba atamweleza nyumbani.

*

Nyumbani hakumweleza. Aliyaweka magunia kwenye ghala, akafunga mlango kwa kufuli jipya, na akasema maneno mawili tu: “Msiguse kabisa.”

“Na ng'ombe?” Wacera aliuliza.

“Ng'ombe watangoja.”

Mkewe Wangechi hakuuliza neno. Walikuwa wameoana kwa miaka mingi ya barua na likizo fupi, na alikuwa amezoea kutouliza. Lakini macho alikuwa nayo. Alimwona mumewe akitoa mchanga kidogo kidogo, akiuosha kwenye karai nyuma ya zizi, akimimina kitu kizito chenye kung'aa kutoka kwenye chupa ndogo, kisha akimwaga yale maji yote chini kando ya malenge. Aliona malenge yakikauka. Baada ya malenge yakakauka magugu, na mtu yeyote aliyewahi kushika jembe upande ule wa Tetu anajua kwamba magugu hayakauki hivi hivi. Baada ya gunia zima kuoshwa, Ngatia alipata kipande cha dhahabu kisichozidi punje ya mahindi, akakificha ndani ya mkebe wa tumbaku.

Mashamba ya pale yalikuwa yamepimwa na kukatwa vipande vyembamba vilivyoshuka kutoka barabarani hadi mtoni, na katika vipande vyembamba hivyo hakuna anachokuwa nacho mtu ambacho jirani hakijui. Munyu ulikuwa umekuwa shida kupatikana. Zamani watu walikuwa wakipeleka ng'ombe kwenye machimbo ya munyu, mwendo wa siku nzima, lakini sasa mahali pale palikuwa na mwenyewe na hati yake. Kwa hiyo watu walikuja kwa Ngatia. Walikuja na bakuli, na mikebe, na adabu zao zote, na Ngatia akawarudisha mikono mitupu.

Aliyelipa ni Wacera. Jumapili moja, nje ya kanisa, wanawake walimzunguka wakiongozwa na Watiri, jirani wa shamba la chini, mwanamke mwenye ulimi ambao ungeweza kunyolea.

“Mama Ngatia, munyu ya kijana yako mnauza kwa ratili ama kwa kijiko?”

“Wacha, Watiri. Hiyo labda ni ya ng'ombe ya Serikali.”

“Mume wangu alimjengea zizi bila kuitisha hata uji. Leo nimeenda na kabakuli, ananiangalia kama mwizi!”

Wacera alicheka pamoja nao, kwa sababu usipocheka watazidi. Lakini alirudi nyumbani bila kungoja mtu, na chakula cha mchana hakukigusa. Katika umri wake wote hakuwahi kuitwa mchoyo.

*

Kisha Wangechi akapata mimba, na boma likabadilika. Wacera aliacha kulalamika kuhusu miguu yake. Kwa desturi yao msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na Wacera alikuwa na hakika kwamba ni msichana, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa njiani kurudi duniani akiwa na miguu mipya.

Mimba ilipokuwa kubwa, Ngatia alienda Nairobi kutafuta mtu wa kununua ile dhahabu bila maswali. Alisema anaenda kutafuta kazi. Ufunguo wa ghala aliuacha kwenye kiunzi cha dari, mahali ambapo kila mtu wa nyumba ile alijua ufunguo huwekwa.

Wangechi wakati huo alikuwa na hamu ya udongo. Alikuwa akichokoa ukuta wa jikoni kwa ukucha na kulamba vumbi lake. Wacera alimkuta.

“Unakula ukuta kwa nini, na munyu iko hapo?”

“Alisema tusiguse, Maitu.”

“Alisema hivyo kwa sababu ya uchoyo, na huo hajautoa kwangu. Mimba hainyimwi munyu. Mimi nilikula mpaka siku ya kumzaa huyo huyo anayefunga mlango na kufuli.”

Alifungua ghala. Alichovya kidole kwenye mchanga akauonja kwanza yeye, maana hakuwa mtu wa kumpa mwingine kitu asichokijua. Alitafuna mate yake kwa muda.

“Chumvi yake ni kidogo,” alisema. “Iko na ladha ya chuma. Lakini hii ni ya Nyanza, si ya kwetu.”

Alimchotea Wangechi kwenye kibuyu kidogo, awe akilamba asubuhi na jioni. Aliwamwagia mbuzi wawili. Kisha, kwa kuwa ghala lilikuwa wazi na aibu ya pale kanisani ilikuwa bado inamchoma, alifunga vifurushi kwa majani ya mgomba na kuvipeleka mwenyewe kwa wale wanawake, nyumba kwa nyumba, na kikubwa kuliko vyote akampelekea Watiri. Alirudi jioni akiimba wimbo wa kanisani. Tangu mwanawe arudi hakuwa amefurahi kiasi hicho.

Siku chache baadaye mbuzi mmoja alivimba tumbo akafa. Wakasema ni nyasi zenye umande.

*

Ngatia aliporudi bila kupata mnunuzi, kitu cha kwanza alichokiona ni ngozi ya mbuzi imewambwa juani. Cha pili alikisikia: mkewe akitapika ndani ya nyumba. Cha tatu kilikuwa mlango wa ghala, umerudishiwa tu, bila kufuli.

“Umempa nini?” alimuuliza mama yake.

“Nimempa munyu. Na ukitaka kunipiga, nipige.”

Hakumpiga. Alimbeba mkewe mgongoni hadi barabarani, akaomba lifti kwenye gari la maziwa, wakafika hospitali ya mjini siku hiyo hiyo ya Jumamosi. Wacera aliwafuata kwa miguu na kufika mchana, viatu vyake mkononi.

Kwenye wodi nesi aliuliza mgonjwa alikula nini. Wacera, ambaye hakuwa na la kuficha, alisimama akajibu kwa sauti ya kutosha: alikula munyu, na ni yeye aliyempa.

“Mchanga?” Nesi aliwageukia wenzake. “Mmesikia? Tumepata Uhuru, tuko na hospitali, tuko na dawa, na cucu, nyanya mzima, bado analisha watu mchanga! Mama, wewe ndiye umemgonjesha huyu msichana. Unajua hivyo?”

Wodi nzima ilitazama. Wacera aliitazama miguu yake iliyojaa vumbi. “Sikujua,” alisema. “Kwetu tulikula.”

Ngatia alikuwa amesimama pale pale, karibu kiasi cha kugusana bega na mama yake.

Daktari Mutahi alikuwa kijana mpole, mwenye kuuliza jambo mara mbili. Alimpima Wangechi, akatazama kucha zake, akambonyeza tumbo. Kisha akamgeukia mume.

“Bwana, huo mchanga ulitoka wapi?”

Kwenye kitanda cha jirani alilala mfungwa kutoka jela ya King'ong'o, mguu umefungwa kwa mnyororo kwenye chuma cha kitanda. Askari jela alikuwa ameketi kando yake akimenya chungwa. Ngatia alitazama mnyororo. Ulikuwa mnyororo wa kawaida tu, kama wa kufungia mbwa.

“Ni munyu tu, daktari,” alisema. “Ya ng'ombe.”

“Hakuna kitu kingine? Dawa ya kupe? Mbolea?”

“Hakuna.”

Daktari aliandika dawa ya minyoo na ya kuongeza damu. Wangechi alikuwa amefumbua macho. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, yeye aliyeyaona malenge yakikauka, kisha akageuza uso wake ukutani.

*

Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa ikinyesha. Wacera alitoka jikoni akaona mwanawe yuko nyuma ya zizi, amelowa chapa, anachimba shimo pale penye malenge yaliyokauka. Kando yake kulikuwa na magunia yaliyobaki.

“Unachimba nini?”

“Nayazika haya.”

“Munyu unazikwa?” Wacera alisogea. Mvua ilikuwa ikimpiga na hakujifunika. “Ngatia. Kama ni munyu, mpe mbuzi aliyebaki. Kama mimi ni mjinga wa zamani kama alivyosema yule msichana wa hospitali, na mchanga wowote ni mbaya, umwage tu. Lakini kuzika! Mtu anazika kitu anachokijua.”

Ngatia akaiacha sepetu. Akamwambia yote, akiwa amesimama ndani ya shimo: mashine, dhahabu, mawe yenye sumu, zebaki, bwawa lenye waya wa miiba. Alisema alitaka kuezeka nyumba kwa mabati. Alisema alimwogopa askari. Alilia aliposema, na kilio chake kilikuwa cha kweli, lakini hakikumsaidia mtu.

Wacera alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema neno ambalo Ngatia angelisikia maisha yake yote.

“Kwa hiyo Jumamosi ulijua. Uliniacha nikasimama pale mbele ya watu wote, nikadhani nimemuua mjukuu wangu kwa ujinga wangu. Na ulijua.”

“Maitu, wangenifunga.”

“Stesheni ulikuwa na sauti. Watu wengi walikusikia. Sasa nenda ukaitafute.”

*

Alimkuta daktari akinawa mikono. Safari hii Ngatia hakungoja kuulizwa. Aliweka mkebe wa tumbaku juu ya meza, akaufungua, akasema yote mbele ya nesi yule yule, na askari jela akaacha kula chungwa lake ili asikie vizuri.

Daktari hakuitazama dhahabu. Aliusukuma mkebe kwa ncha ya kalamu hadi ukingoni mwa meza. “Mchanga wa namna hiyo huwa na aseniki, sumu kali,” alisema. “Huwa na madini ya risasi pia. Kuna sindano ya kujaribu, lakini hapa hatuna. Ninapiga simu Nairobi sasa hivi.” Alishika simu, akasita. “Ungeniambia Jumamosi, ingekuwa hapa tangu jana.”

Sindano zilifika kesho yake. Wangechi aliokoka. Mtoto alikuwa amekufa tumboni kabla gari la dawa halijafika, na alizaliwa hivyo, kimya, akiwa na nywele nyingi. Alikuwa msichana.

Nesi ndiye aliyemfunga kwenye shuka. Alimpa Wacera ambebe, na wakati wa kumpa alisema kwa sauti ndogo, “Nisamehe, cucu.” Wacera alimjibu kwamba hakuna neno. Walimzika nyuma ya migomba, na kwa kuwa hakuna jina lingine ambalo angeweza kupewa, Wacera alijililia kwa jina lake mwenyewe.

Polisi walikuja wakachukua magunia na mkebe wa tumbaku, wakamwandikia Ngatia kwamba asitoke wilayani bila ruhusa mpaka atakapoitwa mahakamani. Bwana wa afya alizungusha pale nyuma ya zizi kwa kamba na vigingi, akasema pasilimwe. “Kwa muda gani?” Ngatia aliuliza. Yule bwana alitazama mteremko, akatazama mto chini yake, akapigilia kigingi kingine.

Lakini agizo la daktari lilikuwa jingine, na hilo halikungoja mahakama. Vile vifurushi vyote virudi, hata chembe isibaki.

*

Kwa watu wa kule, kutaka kurudishiwa kitu ulichompa mtu ni jambo la kumfanya mtu ajifiche uso. Mtoto mdogo akifanya hivyo hupigwa. Alhamisi, Ngatia na mama yake walizunguka nyumba kwa nyumba wakifanya jambo hilo, na katika kila ua Ngatia alisema maneno yale yale: si munyu, ni sumu ya mgodini, nilidanganya. Wangechi, aliyekuwa ametoka hospitalini asubuhi ile, alikataa kubaki kitandani. Aliwafuata polepole kwa nyuma akijishikilia kwenye uzio.

Wengine walitoa upesi. Mmoja alikuwa ameshawapa ng'ombe wake, na ng'ombe mmoja alikuwa haamki. Huyo hakuwatukana hata kidogo. Aliwaangalia tu, akaingia ndani akafunga mlango.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Watiri, aliyeitwa Mama Wachuka kwa jina la bintiye. Alikuwa akipepeta maharagwe, na hakuacha kupepeta.

“Ngatia, kwanza ulitunyima,” alisema. “Sasa hata kile mama yako alitupatia unataka kunyang'anya. Ati sumu! Jana munyu, leo sumu. Na kesho itakuwa nini?”

“Mama Wachuka, nakuomba. Mtoto wangu amekufa.”

“Watoto wanakufa. Mimi nimezika wawili na sikuwa nimekula munyu yako.”

Ngatia alikuwa ametumia neno lake vibaya mbele ya watu wengi, na sasa alipolihitaji halikuwa na nguvu. Wacera alirudi nyuma hatua moja. Huo haukuwa mzigo wake.

Wangechi alikuwa ameambiwa angoje nje. Aliingia, akavuka ua mpaka akasimama mbele ya ungo. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa pande zote mbili. Hakukifunika.

“Mama Wachuka,” alisema, “ni mimi nilikula.”

Watiri aliweka ungo chini. Alimtazama gauni, kisha uso, kisha akainuka akaingia ndani haraka kuliko umri wake ulivyomruhusu. Alitoka na kile kifurushi cha majani ya mgomba. Kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa tena, na kilikuwa kimepungua hadi nusu.

“Si mimi,” alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Mimi sikugusa. Ni Wachuka wangu, yule ameolewa Mwea. Alikuja Jumapili kunisalimia. Yuko karibu kujifungua. Nilimfungia nusu, akaenda nayo.”

Jumapili. Jumamosi Ngatia alikuwa amesimama mbele ya daktari akisema ni munyu tu. Alihesabu bila kutaka, na alipomaliza aliona kwamba mama yake amehesabu pia.

“Amesharudi huko?” Wangechi aliuliza.

“Jumatatu. Alipanda gari asubuhi, mvua ikinyesha.” Watiri alimshika Wangechi mkono, akaushikilia. “Atakuwa ameanza kula? Niambieni. Atakuwa ameanza?”

Wacera alifungua fundo la kitenge chake kiunoni, akatoa pesa alizokuwa ameziweka za sadaka, akazitia zote mkononi mwa mwanawe.

“Polisi walikataza usitoke wilayani,” Wangechi alisema.

“Nitawaambia nikirudi,” Ngatia alisema. “Wakinikuta njiani nitawaambia njiani.”

“Ushukie Wang'uru,” Watiri alisema huku akilia. “Uulize kwa Kihara, mume wake, wa nyumba za karibu na mfereji. Wanamjua.”

Ngatia alikuwa ameshafika barabarani, anakimbia, mama yake alipomwita kwa nguvu zake zote, na nyua zote za jirani zikasikia.

“Ukifika, useme kabla hujasalimia!”